Mistari Sita

Fomu imeniachia mistari sita.
"Eleza mpango wako wa kazi
katika teknolojia na maendeleo, miaka kumi ijayo."
Mistari sita, kalamu nyeusi, usivuke pambizo.

Ni usiku hapa Mohakhali. Feni ya dari
inalikata joto la Dhaka vipande vipande
kisha inaturudishia lote.
Nusaiba kalala, kitabu cha hesabu usoni.
Mpango wake anao: Singapuri, benki, miaka mitatu,
halafu nyumba ya mama yake iezekwe upya.
Simcheki. Mpango wenye paa ni mpango.

Mimi nimeandika, nikafuta:
"Nataka kuwasaidia maskini kwa kutumia data."
Niliisoma kwa sauti ya Shefali Bewa,
aibu ikanipanda hadi masikioni.

Shefali Bewa ni mjane wa kisiwa cha mchanga
katikati ya mto Jamuna, kisiwa
ambacho ramani ya mwaka juzi haikijui
na ya mwakani huenda isikikute.
Nilipelekwa kwake, mwanagenzi,
na boksi la kijivu, paneli ya jua kichwani,
kihisi cha kupima kina, laini ya simu tumboni,
nembo za wafadhili wanne zimepangwa kifuani
kama vifungo vya koti la bwana harusi.
Tukalifunga nguzoni. Tukapiga picha.
Mkuu wa mradi, Bwana Joost, alisema "endelevu"
mara saba. Nilihesabu; sikuwa na kazi nyingine.

Mwezi wa nane mto ukaja.
Boksi likatuma: mita nne.
Mita nne. Mita nne.
Nyigu walikuwa wamejenga kwenye jicho lake.
Nami huku, mbele ya skrini,
nautazama mstari wa kijani ulionyooka,
mtulivu, mzuri wa kutundika ukutani.

Shefali alikuwa na mwanzi uliopakwa rangi,
nyekundu, nyeupe, nyekundu,
tochi mdomoni, simu ya vitufe ndani ya mfuko wa nailoni.
Aliingia majini hadi kifuani, akausoma.
Akapiga simu kumi na moja.
Ya kumi na moja ilikuwa yangu.
"Binti, sanduku lako linasema uongo.
Watu wanahama. Leteni boti."

Ng'ombe saba walisombwa. Watu, hakuna.

Katika ripoti ya mwaka mwanzi haukutajwa.
Boksi liliitwa "funzo muhimu".
Bajeti mpya: maboksi arobaini.
Ripoti ile ilisifiwa kwa lugha yake safi.
Niliiandika mimi.

Mjomba Moqbul anasema kazi za mashirika
ni mkataba wa miezi kumi na moja,
ule wa kumi na mbili unakula akiba.
Hajakosea.
Profesa Ishrat anasema jifunze lugha mbili,
ya mashine na ya wafadhili.
Sikuthubutu kumuuliza ya tatu inafundishwa wapi.

Haya, naandika.
Kwanza: kulifungua boksi kwa bisibisi
na kulifunga tena likiwa linasema kweli.
Pili: kulipwa. Na anayesoma mwanzi alipwe,
kila mwezi, kwa jina lake, si kwa sabuni na fulana.
Tatu: kurudi kisiwani, kama kipo.
Hapo mistari imeisha,
na miaka saba bado imekaa nje ya pambizo.

Chini kabisa wanataka mdhamini:
mtu anayeijua kazi yako vizuri.
Joost angeandika barua nzuri. Ishrat pia.
Nimeandika Shefali Bewa, na namba ya ile simu ya vitufe.

Cheo:
kalamu ikasimama hadi adhana ya alfajiri.
Nusaiba akageuka, kitabu kikaanguka.
Nikaandika, msoma mto,
nikaifunga bahasha kabla sijaogopa.